Mawe ya Zamzam

Arua, Jumanne

Zamzam dada yangu,

Nimekasirika sana. Tangu ufariki, kuchambua maharage kutwa nzima ghalani kunanichosha akili, kwa hiyo naendelea na mchezo wetu: kila jiwe ninalolitoa kwenye maharage ninalipa jina la mwanaume aliyekuja kukuposa kule kijijini Ludara. Leo nilimpata yule mnene wa Koboko, nikacheka peke yangu.

Msimamizi akaja. "Mama, unacheka na nani? Maharage iko nasema?"

Wachambuzi wenzangu wote wakacheka. Akamwaga mawe yangu nje, akamkalisha mwanamke mgeni kwenye kigoda chako kando yangu.

Nilinyamaza. Hilo ndilo linaloniuma.

Baadaye yule mgeni, alipochoka kupiga miayo na kunisikia nikitaja majina chini kwa chini, aliokota jiwe kwenye maharage akaninong'oneza, "Na hii iko nani?"

Nikamwambia. Bado nina hasira. Huko uliko, ukicheka, nikumbuke na mimi.