Nimpe Nani Mpira Alhamisi?

Mama Verna mpendwa,

Nishike mkono, na tafadhali barua hii itoke gazetini Jumatano hii hii, maana Alhamisi tunaanza mashindano ya kanda hapa hapa kwetu na kichwa changu kimevurugika. Mimi ni kocha wa softiboli wa wasichana katika chuo kidogo hapa Nebraska, mji wote unanijua kwa hiyo jina naliacha, nina warushaji wawili tu wa kutegemea kumrushia mpira mpinzani mwenye gongo, Tenley wa mwaka wa mwisho ambaye ndiye nguzo yetu, na Odalys wa mwaka wa pili, na mashindano yenyewe ukifungwa mara mbili umetoka, na siku nyingine unacheza mechi mbili, basi mimi siku zote nampa Tenley mpira mechi baada ya mechi, kwa sababu sote huku tumelelewa tukiambiwa kwamba mrushaji wa softiboli hachoki kwa kuwa mkono wake unapita chini, kiunoni, si juu ya bega, lakini sasa namwona anafungwa barafu begani kila jioni na nywele anachana kwa mkono wa kushoto, nikimuuliza ananijibu, "Niko fiti, Kocha, acha wasiwasi," nikimuuliza mdakaji wake, yule anayeipokea mipira yake, mbele yake, naye anasema hivyo hivyo.

Utasema basi mtumie Odalys. Hapo ndipo penye kidonda. Mtoto huyu namweka tayari kila mechi, kila zamu namwashiria aende nyuma ya uzio akapashe misuli, ili wapinzani wamwone waingiwe na hofu na Tenley naye akaze buti, wala simchoshi kwa kumwingiza, lakini Jumamosi iliyopita kwenye fainali ya ligi, zamu ya mwisho, tunaongoza kwa moja, Tenley akaishiwa kabisa nikamwingiza Odalys mwenye nguvu zake zote, na Mama Verna, akarusha ovyo akawapa wapigaji wawili njia ya bure, wa tatu akaupiga mpira ukavuka uzio, wote watatu wakapata alama, kombe likaenda. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo nikamuuliza kulikoni, akaniambia, "Nilikuwa nimechoka, Kocha." Nikamwambia, "Umechoka na nini, bibi wee, na kukaa benchi?" Chumba kizima kikaangua kicheko, na tangu siku hiyo anakuja mazoezini, anafanya ninachomwambia, ila haniangalii usoni.

Sasa niambie, nimmalize Tenley bega ambalo ataishi nalo maisha yake yote, au niwatie hasara wasichana wote kwa kumwamini mtu anayevunjika akiitwa? Nawapenda wote wawili, na naona kabisa mmoja nitamuumiza.

Kocha Nisiyelala

*

Kocha Usiyelala,

Jina umeliacha lakini sauti yako tunaijua, tunakusikia ukifoka uwanjani tangu Machi. Pole sana. Naona unawapenda hao wasichana, na ndiyo maana sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Mimi hukaa upande wa kulia, nyuma ya uzio, kwenye kivuli cha ubao wa matokeo, na mfuko wangu wa mbegu za alizeti. Unajua nani mwingine yuko huko? Odalys. Jumamosi nilimsikia mechi nzima: paa! mpira kwenye glavu, paa! tena kwa nguvu zake zote, maana hajui kama safari hii unamwita kweli au unatishia watu. Unamwashiria anaanza, unamwashiria anaacha, kidogo tu anaanza upya. Kufika katikati ya mechi alikuwa ameinama, mikono magotini. Nikamwambia, "Pumzika kidogo, binti." Akanijibu, "Siwezi, bibi. Kocha anaweza kuniita."

Huyo ndiye unayesema aliingia na nguvu zake zote! Alikuwa ameshacheza mechi yake huko nyuma, isipokuwa hakuna aliyemtazama zaidi ya mimi. Alikuambia ukweli kwa maneno matatu, ukamfanya kichekesho mbele ya wenzake. Haki ya Mungu, nilipofika hapo kwenye barua yako niliiweka chini nikaenda kunywa maji.

Na hayo ya mkono unaopita chini hauchoki, haya, barafu ni ya nini basi? Leo mpeleke Tenley kwa daktari, na atakachosema daktari ndicho kitakachofuatwa. Usimuulize tena yeye mwenyewe, mtoto wa mwaka wa mwisho atakuambia yuko fiti hata akiwa amebebwa. Muulize mdakaji, lakini peke yake, kiganja chake kinajua ni lini mpira ulianza kupungua kasi.

Alhamisi aanze Odalys, na umwambie mapema, alale akijua. Apashe mara moja, aingie. Tenley, kama daktari ameruhusu, akae na jaketi lake begani mpaka zamu za mwisho, na mechi inayofuata wapokezane. Mtu asitumwe kupasha kama huna nia ya kumwingiza. Huenda mkafungwa, sikuahidi kombe mimi, lakini mtafungwa mkiwa na warushaji wawili wazima.

Ila kabla ya hayo yote, leo mazoezini, mbele ya wale wale waliocheka, mwambie Odalys, "Ulikuwa umechoka, na aliyekuchosha ni mimi." Usiongeze neno "lakini". Kisha mpe mpira mkononi.

Alhamisi nitakuwa pale pale nyuma ya uzio. Safari hii nataka nikae peke yangu.

Mama Verna