Mkorogo wa Bibi

Jumanne

Sijamwambia mtu kwamba yule mwanamke kwenye picha ya zamani pale tunapofuma, anayechovya vitambaa kwenye pipa la dawa ya kung'arisha, ni bibi yangu. Dawa ilimbabua mikono, ikabaki na mabaka meupe.

Leo dada Rehema, tunayefuma naye, kaisogelea picha. "Jamani, huyu mkorogo ulimwishia viwikoni!"

Wenzetu wakacheka. Nami nikacheka, tena kwa sauti.

Jioni nikamwamkia Bibi. "Marahaba, mjukuu wangu. Kesho unipeleke nikaione picha yetu ya kazini."

Nikamwambia walishaichoma moto.

Akaitazama mikono yake. "Hata hiyo imeungua?" Akaifunika kwa kitenge.

Picha ipo. Wewe unayesoma hapa, tafadhali, usimwambie.