Vijiti vya Kokuberwa vimekataa

Gauda rafiki yangu, nafunga vijiti vya kuhesabia kumi kumi kwa kamba za mgomba.

Leo mwalimu mkuu alikaa nyuma, ndani ya darasa la pili, aamue kama niendelee kufundisha hapa Ngenge. Nikaandika ubaoni 52 − 27 = 35. Mimi.

Mwanafunzi wangu Kokuberwa akasema, "Mwalimu, vijiti vyangu vimekataa." Alikuwa amefungua fungu moja la kumi ili apate vijiti saba vya kutoa. "Vimebaki ishirini na tano."

Nilitoa mbili kwenye saba, Gauda. Kosa lile lile ninalowakataza kila siku.

Mwalimu mkuu akamuuliza, "Nani alikufundisha kufungua fungu?"

"Si ni mwalimu huyu hapa."

Mwalimu mkuu akaandika kitu, akatoka. Jibu ni kesho.

Ile 35 nimeiacha ubaoni, kesho tuifute pamoja na watoto. Bado mafungu manne ya kufunga.