Usiliondoe Swali Lako Bungeni

Mwanangu Mheshimiwa,

Hapa nyumbani sisi wazima. Kahawa imeiva kwa mkupuo, mikono yangu inanata mpaka jioni. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu unanikatisha: "Mama, niko kwenye kikao."

Mimi nakujua. Marehemu baba yako alikuwa akiombwa viatu vya shule anasema, "Nitaona." Kaka yako alinyamaza. Wewe ulimfuata mpaka shambani: "Utaona lini, baba?" Akacheka, akasema nimemzalia hakimu. Viatu ukavaa.

Unaikumbuka ile aibu ya redio? Uliniambia umemuuliza Waziri kuhusu zahanati yetu, nami nikatangaza kanisani. Wanawake wa kwaya wakajaa sebuleni, nimewachemshia magimbi. Tukasikiliza barabara za watu, visima vya watu, wewe hatukusikii. Mama Subi na ulimi wake akaniuliza, "Mama Mheshimiwa, mwanao amesinzia?" Wakanicheka huku magimbi yangu yako mdomoni mwao.

Nilikupigia kwa hasira. Ukanijibu taratibu kwamba hilo ni swali la maandishi, halisomwi, Waziri naye anajibu kwa maandishi. Nikasema swali gani hilo la kunong'ona. Ukasema la mdomo anaweza kulijibu kwa porojo, wenzake wakapiga meza, muda ukaisha. "Lakini akiandika, mama, ameandika."

Sasa nimeelewa, na nimewaelewesha mpaka wanaume. Jibu la Waziri ulilomtumia kaka yako lilisomwa baada ya ibada: zahanati imekamilika na inatoa huduma. Kisha Mama Subi akasema, "Kwa mbuzi." Maana paa lipo, milango hakuna, na mbuzi ndio wanaojikinga mvua mle. Yangekuwa maneno ya redioni, tungeambiwa tumesikia vibaya.

Ndiyo maana wameingiwa na hofu. Juzi walinijia wazee watatu wa chama. Walipokwisha kunywa chai, mkubwa wao akasema, "Mama, mtoto kwa mama hakui. Mwambie aliondoe lile swali la pili, la kuuliza nani alithibitisha kwamba zahanati imekamilika. Linamwaibisha Waziri. Uchaguzi ujao jina lake litakatwa."

Nikamwambia, "Kweli hakui. Ndiyo maana ananitii, na mimi nimemwambia aulize."

"Tunakushauri kwa mema, mama."

"Na mimi kwa mema, mzee wangu. Mkirudi, piteni pale zahanati muwasalimie wahudumu."

Hawakungoja kikombe cha pili.

Sikufichi, walipoondoka roho iliniuma. Ubunge wako naupenda. Nikienda sokoni Vwawa natembea katikati ya njia, wenye mikokoteni ndio wananipisha. Lakini wifi yako Tumaini ana mimba kubwa tena. Yule wa kwanza alimzaa njiani, ametoka kushushwa kwenye pikipiki, mvua inatunyeshea, mimi nimetandaza kitenge changu kwenye matope. Ulikuja kumwona mtoto. Ulimpakata, machozi yanakutoka, kisha ukaniomba nikupeleke ukaione hiyo zahanati. Nilikutangulia kwenye majani marefu, nikakusikia nyuma yangu unapiga picha. Siku ile nilijua nimezaa mtu.

Kwa hiyo jina wakilikata, walikate. Mibuni ipo, utarudi tuchume pamoja. Nitakuita Mheshimiwa hukohuko shambani, na atakayecheka atanijua mimi ni mama wa nani.

Swali usiliondoe. Mwache Waziri naye aandike nani aliyeona milango. Na wakikuuliza umetumwa na nani, usiseme wananchi, hao wamewazoea. Taja jina langu.

Ni mimi mama yako, niliyekuzaa, na sitawaomba radhi kwa hilo.