Bonyeza Mpaka Ilie

Deira, Dubai
8 Septemba 2024

Kwa binti yangu Warda,

Asalaam aleikum. Natumai u mzima, mama yako mzima, na kuku wake wazima, isipokuwa yule jogoo mkorofi, ambaye ningependa nisikie yuko mchuzini. Mimi sijambo. Sijambo mpaka naona haya mbele za watu.

Umeniuliza kwa nini naandika kwa kalamu kisha napiga picha karatasi na kukutumia kwa simu. Mwanangu, nikiandika kwa vidole simu hii hunisahihisha, kama vile ilisoma kunishinda. Juzi niliandika "mama yako" ikageuza ikaleta Yokohama. Sijafika Yokohama. Nikifika utajua.

Kazi yangu huku ni kubwa. Duka letu linauza kompyuta, na si zile za kuandikia barua ya chifu. Hizi ni za watengeneza filamu na za vijana wa kitajiri wanaopigana vita wakiwa wamekaa kwenye viti. Hakuna sanduku linaloingia wala kutoka bila kupita mikononi mwangu. Ndani kuna baridi ya kiyoyozi hata mwezi wa Agosti navaa koti. Nikichelewa kidogo, meneja hutoka mlangoni akauliza, "Alfani yuko wapi?" Kazi husimama. Kazi yenyewe ni ya kukaa kitini, basi usinihurumie.

Sasa sikiliza. Kompyuta ina vitu viwili vikubwa. Kuna prosesa, huo ndio ubongo, kigae kidogo kama biskuti. Halafu kuna bodi, bamba lenye vijia vingi kupita Ukunda siku ya soko, na wenyewe huliita mama kwa sababu kila kitu humkalia yeye. Usimwonyeshe mama yako sentensi hiyo. Bodi ya kompyuta yako nimempa Menza wa Jego, anayelinda jengo la pili, anakuja likizo. Ni bodi ya hali ya juu. Duka lilikuwa linaziondoa kwenye rafu, nami nikawahi. Prosesa itafuata.

Na pasipoti yako isimfikie wakala. Mimi niko huku, nawaona wasichana wetu wanaoletwa kufanya kazi za majumbani. Ninayoyaona siandiki.

Ni mimi baba yako,
Alfani, Fundi Mkuu

*

Munje
17 Septemba 2024

Kwa Baba mpenzi,

Shikamoo Baba. Sisi hatujambo. Mama hajambo, anakusalimu, na jogoo yu hai, anawika chini ya dirisha langu akijua ulichosema. Nakuandikia nikiwa nimesimama nyuma ya msikiti, ndiko mtandao uliko. Watu wanaopita wanadhani nina mchumba.

Menza ameleta bodi. Nimeifungua, nikaifunga, nikaifungua tena. Nilimpelekea Katana, yule fundi wa kompyuta wa Ukunda, akaishika kwa ncha za vidole. Sanduku la chuma na vitu vingine ninavyo tayari. Imebaki prosesa peke yake.

Baba, nikueleze jambo lilivyo. Bi Twaiba anayesimamia harusi katika hoteli moja ya Diani amezipenda video zangu. Amesema harusi zote za msimu atanipa mimi, lakini filamu iwe tayari siku mbili baada ya sherehe. Kompyuta yangu ya sasa huchukua siku sita, na katikati huzima kama mtu aliyezirai. Atanijaribu kwa harusi ya tarehe kumi na nne Desemba.

Pasipoti wakala anayo tangu Julai, sikutaka kukuambia. Mama amesema: mashine ikiwaka na Bi Twaiba akanichukua, sitoki Munje. Isipowaka, Januari ninakwenda Uarabuni. Na Mama akisema, unamjua.

Katana ameandika namba ya tundu la bodi, pale prosesa inapokaa, nimeipiga picha. Anasema bodi hii inakubali prosesa za toleo linalouzwa sasa, si nyingine. Hata ile ndogo kabisa inanitosha. Usihangaike na kubwa.

Mwanao,
Warda

*

Deira, Dubai
4 Novemba 2024

Kwa binti yangu mwenye bahati ya baba,

Waaleikum salaam, na marahaba mara mia. Mimi nina afya, nimenenepa, koti halifungi.

Andaa kiti ukae. Toleo jipya la prosesa limefika. Limetangazwa dunia nzima, na siku lilipotua hapa watu walipanga foleni tangu alfajiri, wengine na mito yao. Mmoja alilia alipoambiwa zimekwisha. Mwanamume mwenye ndevu, Warda, analilia biskuti. Na mimi ninayo moja mfukoni. Si ndogo, ni ile ya juu kabisa. Mombasa nzima hawajaigusa.

Huyo Katana wako anataka "ya sasa". Ya sasa ilikuwa ya sasa mwezi wa Septemba. Leo ni ya zamani. Binti wa Alfani atatumiaje kitu kilichoondolewa kwenye rafu? Nikaona siku utakapoiwasha, Bi Twaiba aulize, "Hii umeitoa wapi?" nawe useme, "Baba yangu yuko kwenye kazi hizo." Kwa ajili ya jibu hilo peke yake nimekula mkate na chai tangu Septemba, na nimenenepa hivyo hivyo.

Nimempa Masila, fundi bomba, Mkamba wa Shimba Hills. Mkataba wake umekwisha, anarudi nyumbani moja kwa moja. Ni mtu mwaminifu ila ana maneno mengi. Mpe chai, usimpe maswali.

Baba yako,
Alfani

*

Munje
21 Novemba 2024

Shikamoo Baba,

Natumai hujambo. Sisi tu wazima, mvua za vuli zimetunyeshea na jiko linavuja pale pale.

Masila amefika. Alikataa chai, kisha akanywa vikombe vitatu. Prosesa nimeipokea kwa mikono miwili. Hata sanduku lake tupu Mama amelificha kabatini pamoja na vikombe vya wageni.

Lakini Baba, haikai. Ina vipengo viwili pembeni, na tundu la bodi lina meno mawili ya kuingia kwenye vipengo hivyo, ila havikutani. Nimeigeuza kila upande. Katana aliiangalia mara moja akasema, "Dada, hili tundu si lake. Toleo jipya limekuja na bodi zake. Usiisukume, chini ya hapo kuna vijipini vyembamba kama malaika, vile vinywele vya mkono wa mtoto." Anasema ibadilishwe, uchukue ile ya zamani hata kama ni ndogo. Kuna jamaa yake anarudi kutoka huko tarehe tano Desemba, anaweza kuibeba. Ikifika tarehe sita, harusi ya Bi Twaiba naiwahi.

Tena, Masila amesema tukwambie utumie ule mkanda wa mgongo aliokuachia. Nikamuuliza mgongo gani, akasema, "Mzee wenu ananyanyua sana." Akaona uso wa Mama, akaomba kikombe cha tatu. Baba, mgongo wa kukaa kitini unaumaje?

Mwanao,
Warda

*

Deira, Dubai
24 Novemba 2024

Kwa Warda,

Salaam. Mimi sijambo, na mgongo wangu haujambo, haujawahi kuwa na jambo. Masila ni mtu wa mabomba, kazi yake ni kuvuja.

Barua yako nimeisoma nikacheka, kisha sikucheka. Katana amefunga prosesa ngapi za aina hii? Sifuri, kwa sababu hazijafika huko. Mimi ziko mbele ya macho yangu kila siku, asubuhi na jioni. Nani kati yetu anajua? Au kwa sababu mimi niliishia darasa la sita na yeye ana cheti ukutani?

Haya, nikufundishe jambo ambalo wanaotoka na vyeti huwa hawalijui. Wageni wa kazi hii wote huogopa. Unaiweka juu ya tundu, unashusha kile kifuniko cha chuma, kisha kuna kijiti pembeni, unakishusha kwa nguvu. Kitakuwa kigumu. Kitalia krr, kama korosho ikivunjwa ganda. Usishtuke. Sauti hiyo ndiyo yenyewe. Mafundi huambiana hivyo hapa kila siku. Bonyeza mpaka ilie.

Kitu kizuri hakiwezi kurudishwa dukani kwa sababu ya fundi wa Ukunda. Fanya nilivyosema, utaniombea dua.

Baba yako

*

Munje
2 Desemba 2024

Shikamoo Baba,

Sisi tu wazima.

Nilibonyeza. Mama alishika taa ya simu, mimi nikashusha kijiti kwa viganja viwili. Kilikuwa kigumu ulivyosema. Ikalia ulivyosema, krr, kama korosho. Nikafurahi, Baba. Nilipoisikia ile sauti nilimwambia Mama, "Umeona? Baba anajua."

Haikuwaka. Katana ameifungua na kuiangalia kwa kioo cha kukuzia. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Vijipini vimelala upande kama nyasi zilizolaliwa na ng'ombe, vingine vimekatika. Bodi imekufa. Prosesa nayo imeungua au haikuungua, hajui, na hapa Pwani hana bodi ya kuijaribia.

Bi Twaiba nimemwambia. Alinishika bega, akasema atampa mtu wa Mombasa.

Nilimwacha mtu aliyesimama mbele yangu akiniambia usisukume, nikakuamini wewe uliye mbali. Silalamiki. Nina swali moja, na nakuomba kwa heshima unijibu hilo tu, usinitajie koti wala kiyoyozi. Umewahi kufunga prosesa hata moja?

Warda

*

Deira, Dubai
26 Januari 2025

Kwa mwanangu Warda,

Asalaam aleikum. Hii ni barua ya nne. Tatu nilizichana kwa sababu nilizisoma nikakuta zinachekesha.

Jibu ni hapana.

Mimi ni hamali. Nabeba masanduku kutoka kwenye lori mpaka stoo, na kutoka stoo mpaka kwenye gari la mteja. Hakuna sanduku lisilopita mikononi mwangu, hapo sikukudanganya. Mafundi wako ndani ya chumba cha kioo. Nawaona, na mlango ukiwa wazi nawasikia. Ndivyo nilivyosikia siku moja mmoja anamwambia mwanafunzi wake, "Ikilia usiogope, ndiyo sauti yake." Kisha mlango ukafungwa. Alichosema baadaye sikukisikia, au alichosema kabla. Koti ninalo, ni la stoo. Meneja huuliza Alfani yuko wapi kwa sababu lori limefika.

Mgongo umekwisha, Warda. Tangu Krismasi siwezi kuinama kuvaa viatu. Wananirudisha tarehe kumi Februari.

Lakini sikiliza. Nilikwenda kwa yule fundi, kijana wa Kihindi kutoka Kerala, nikamweleza yote na aibu yangu. Ametafuta bodi ya zamani kama ile na prosesa yake ndogo, ile aliyosema Katana, vilikuwa kwenye mashine ya maonyesho. Akanivalisha glavu, akaniambia, "Funga wewe, mzee, mimi nasimama hapa." Nimeiweka. Vipengo na meno vimekutana bila hata kusukuma, imeshuka yenyewe kama mtu anayekaa kwake. Nikashusha kijiti, ikalia. Warda, ni sauti ndogo sana. Ile niliyokuandikia mimi ilikuwa kubwa mno.

Nimefunga moja. Sasa ukiniuliza tena nitajibu ndiyo.

Naileta mwenyewe mapajani. Mwambie wakala aregeshe pasipoti. Harusi ziko nyingi kabla ya Ramadhani na baada ya Idi. Nisubiri wiki mbili. Tangu jana nakutumia salamu, simu inaonyesha alama moja tu, hazijafika. Labda mtandao wa nyuma ya msikiti. Mama yako nikimpigia anasema umelala.

Baba yako,
Alfani, hamali

*

Riyadh
14 Machi 2025

Kwa Baba mpenzi, Munje,

Shikamoo Baba. Ramadhani karimu. Nasikia umefika salama na Mama anakukanda mgongo kwa mafuta ya nazi. Alhamdulillahi. Barua yako ya Januari nimeiona leo, kwa sababu simu yangu ilikuwa imehifadhiwa na mama mwenye nyumba, ananitunzia isiibiwe. Tarehe ishirini ya mwezi ule nilikuwa nimekwisha ondoka. Mama usimgombeze, alikuwa hajui aseme nini.

Ile mashine mpe Katana aiwashe. Asiiuze, asiifungue. Iwe inawaka tu, siku moja moja.

Mimi huku sijambo. Sijambo mpaka naona haya. Nasimamia nyumba ya ghorofa tatu, na hakuna kitu kinachoingia mezani bila kupita mikononi mwangu. Baridi ya kiyoyozi ni kali, mpaka navaa sweta. Nikitoka kidogo tu, wote wanauliza, "Warda yuko wapi?" Nyumba husimama. Nimenenepa.

Barua hii nimeiandika kwa kalamu, kama wewe. Mwandiko umepinda kwa sababu vidole vimevimba kidogo, ni maji ya huku, yana chumvi. Usinihurumie, Baba. Kazi yenyewe ni ya kukaa kitini, na mgongo hauniumi hata kidogo.

Ni mimi mwanao,
Warda, Msimamizi Mkuu