Dunia Haifungwi na Kamba

Jumapili, saa kumi za jioni. Mvua imenyesha tangu misa ya pili, sasa yamebaki matone tu kwenye mabati. Kapata, mtaa wetu wa wachimbaji, yote ni tope jekundu. Moyo wangu, lakini, umetulia, na ninaandika haraka kabla sijaanza kuipamba hadithi.

Nina kosa la kuungama hapa, ingawa padri amekwisha kulisikia.

Mnaonisoma mnajua kwamba ninaongoza jumuiya yetu, tunasali nyumba kwa nyumba kila Jumanne. Jumanne iliyopita zamu ilikuwa yetu. Tulisoma zaburi inayosifu kazi ya Mungu huko juu, nami nikafafanua. Nimeshuka mgodini miaka ishirini na mbili, basi mifano yangu yote inatoka shimoni. Nikasema jua linaishika dunia jinsi mashine yetu inavyoishika asanseri, lile sanduku la chuma linalotushusha chini: kwa kamba. Kamba haionekani, na ncha yake iko mkononi mwa Mungu. Watu wakaitikia amina. Niliipenda sana ile amina.

Odile, binti yangu wa mwaka wa sita wa sekondari, akainua kidole. Akasema kwa adabu kwamba hakuna kamba. Kitu kikubwa kama jua kinaipinda nafasi yenyewe, pamoja na wakati, na dunia inapita ndani ya ule mpindo kwa njia iliyonyooka kuliko zote inazoweza kupata. Haivutwi na mtu.

Ningeweza kuuliza. Sikuuliza.

Nilisema, "Munaona? Hii mutoto ya juzi anataka kutoa Mungu kamba mu mikono."

Nyumba nzima ikacheka, na mimi nikacheka kuliko wote. Odile akainamisha kichwa, akakusanya vikombe vya chai.

Kesho yake mama yake akaniambia habari. Jumatatu, yaani kesho, wanafunzi wanampelekea mkuu wa shule karatasi ya masomo wanayotaka chuo kikuu. Tangu mwaka jana Odile alikuwa akisema fizikia, Lubumbashi. Sasa amesema hapeleki karatasi yoyote, atashona nguo kwa shangazi yake huko Tenke. Kushona ni kazi nzuri, dada yangu amelea watoto watano kwa cherehani. Lakini Odile hata kifungo hapendi kushona. Nilijua nani amemfukuza.

Basi Alhamisi nikafanya jambo la ajabu, nione mwenyewe kama kweli kuna kinachotuvuta. Niliazima mizani ya mke wangu, ile ya springi ya kuning'iniza anayopimia samaki sokoni, nikaingia nayo kwenye asanseri na kuning'iniza kwenye ndoano yake gamelle yangu, kopo la chakula lenye bukari, ule ugali wetu. Kilo mbili kasoro kidogo. Wenzangu wakaanza kunitania. Kalenga, ambaye hanyamazi hata akiwa na mahindi mdomoni, akauliza, "Tata katekista, leo unapima zambi zetu? Ya kwangu haitaenea pale."

Asanseri ikaanza kushuka.

Kila mchimbaji anaijua nukta hiyo, tumbo linapobaki juu na miguu inakuwa myepesi. Sisi wa zamani tunapiga ishara ya msalaba hapo, na wapya tunawaambia wameze mate. Miaka yote nilidhani ni woga. Nimewaambia vijana wangapi kwamba wanaosikia vile wana imani ndogo! Na sasa niliona mshale wa mizani ukirudi nyuma kuelekea sifuri. Bukari haina imani wala haina woga. Tulipofika chini na breki ikashika, mshale ukapita kilo mbili. Hakuna aliyeongeza hata tonge.

Jumamosi nilimweleza Odile, tukiwa wawili nyuma ya nyumba. Alisikiliza. Akaniambia kwamba hata hesabu ya zamani, ile ya nguvu inayovuta, inajua kueleza mshale wangu, na wahandisi wetu wako sawa kuitumia kwa mashine na kamba zao. Lakini mtaalamu aliyekuja baadaye alianzia palepale ninaposimama kila asubuhi. Alijiuliza: asanseri ikiachiliwa kabisa, mtu wa ndani atasikia nini? Hatasikia kuvutwa. Ataelea tu, na gamelle yake itaelea pembeni. Tunachokiita uzito ni sakafu inayotusukuma miguu. Hesabu ya zamani haikufa, akasema, ila kuna mahali haifiki.

Nikamwambia ana akili, nimefurahi, apeleke karatasi. Nilidhani tumemaliza.

Akaniangalia. "Papa, ulinicheka mbele ya bantu. Kunisifu huku nyuma ya nyumba, haitoshi."

Ni maneno ambayo ningemwambia mtu mwingine yeyote aliyekuja kuniomba ushauri.

Kwa hiyo leo baada ya misa niliomba watu wa jumuiya wapite nyumbani. Wakaja kumi na wawili, viatu mkononi kwa sababu ya tope. Nilisimama. Nilisema kwamba Jumanne nilifundisha nisichokijua, kwamba nilimcheka aliyekuwa anakijua, na kwamba nilifanya hivyo kwa sababu niliogopa kukosa amina. Kalenga alikuwepo. Hakutania, alinisogezea kiti.

Mama Vero, mkubwa wetu kwa umri, hakuridhika. Akataka kujua, kama hakuna kamba, nani basi anashika dunia. Nikamwambia aulize Odile.

Odile akasimama polepole. "Ni Mungu, Mama. Mi nasemaka tu namna gani."

Mama Vero akafikiri, akasema haya, basi aeleze hiyo namna, lakini aende pole, yeye hakusoma. Na binti yangu akaeleza, karibu saa nzima, akichora kwa mkaa juu ya kifuniko cha katoni. Nusu ya mambo sikuyafahamu. Imani yangu ilikuwa imekaa pale pale kwenye kiti, haikudondoka.

Walipoondoka akaleta karatasi mezani. Ina mistari mitatu ya kuchagua. Kwenye wa kwanza akaandika fizikia. Nikamshauri, kwa busara ya mzazi, ajaze na ule wa pili, huwezi kujua. Akakataa. Mistari miwili imebaki mitupu.

Kesho asubuhi nitamsindikiza mpaka mlango wa mkuu wa shule. Nitabaki nje. Akiulizwa kwa nini ameandika neno moja tu, atajibu mwenyewe.