Mguu wa Baba na Ule Uhuru Wako

Nyumbani, ghorofani juu ya tanuri,
Jumanne, tarehe 9.

Mpendwa mdogo wangu Profesa,

Salamu nyingi, na pole kwa kazi na kwa baridi ya huko. U hali gani? Kile kifua kimepona, au bado unakohoa na kusema ni vumbi la chaki? Mkeo na watoto hawajambo? Sisi huku tunaendelea. Baba yu hai. Hilo nimelitanguliza ili mengine uyasome ukiwa umekaa.

Ningeweza kukupigia simu, lakini kwenye simu unanikatiza, halafu unasema mimi ndiye niliyekukatiza. Jirani yetu mshonaji anasafiri kesho kutwa kuja huko. Nimempa barua hii akukabidhi mkononi, asimwachie mtu mlangoni.

Barua yako ya mwezi uliopita niliipata. Nimeisoma yote, hata zile kurasa ulizoeleza habari za wanafalsafa wako wa uhuru, wanaosema kila mtu ni mali yake mwenyewe, na kwamba kazi ya serikali ni kuzuia wizi na vipigo, basi, mengine iwaachie watu. Ukaniuliza mimi naonaje, mimi niliyeacha shule mapema nikaingia kukanda unga. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya mguu wa baba, na sasa naona jibu na habari ni kitu kimoja.

Nianze na uzuri wake, usije ukasema dada kazi yake kupinga. Baba aliiishi falsafa hiyo kabla wewe hujajua kusoma. Unakumbuka chama cha waoka mikate kilipotaka sote tuoke kwa kipimo kimoja, na anayekataa asiuziwe unga? Baba alikataa. Miezi mitatu alifuata unga mbali kwa baiskeli, na mkate wake ukabaki mkate wakati wa wenzake ukawa sifongo. Leo chama kimekufa, na waliokuwa wakimnunia wanakuja kumuuliza anaweka hamira kiasi gani.

Na mimi je? Wajomba walipokuja wameshakubaliana niolewe na yule mwenye kinu, baba aliwapa chai, akawaambia binti yake si gunia la unga, wamuulize mwenyewe. Wakaniuliza. Nikasema sitaki, wakanywa chai yao wakaondoka. Sijajuta hata siku moja, na kila nikilikumbuka hilo naona hao watu wako wana hoja.

Kisha kuna ile habari ya kituo cha yatima, ambayo labda huijui kwa sababu ulikuwa umeshaondoka. Baba alikuwa akiwapelekea mikate kila Ijumaa, miaka na miaka, bila kuambiwa. Ofisi ya mtaa ikatoa amri kila mwoka mikate apeleke. Siku ile ile baba akaacha. Alisema kutoa kwa amri si kutoa, ni kunyang'anywa polepole. Wiki mbili watoto wale hawakuona mkate wake. Wiki ya tatu nikamkuta anapeleka kapu kwa mlango wa nyuma, anatembea upande upande mtu asimwone. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Lakini wiki mbili ni wiki mbili, Profesa, na watoto wale hawakuwa wamegombana na mtu.

Sasa mguu. Bwana afya alikuja mwaka jana, akaandika kwamba kila anayefanya kazi mbele ya tanuri avae viatu vya kufunika. Sisi sote tulivaa. Baba akabaki na ndala zake. Miguu ni yangu, akasema, na tanuri ni langu, huyo bwana afya ameniazima nini? Unajua sukari yake ilikuwa imeshaziua nyayo, alikuwa hasikii kitu huko chini. Asubuhi moja kaa la moto likadondoka, likaingia kati ya ndala na unyayo, naye akaendelea kuchomoa mikate. Mchomaji wetu ndiye aliyesikia harufu, akadhani ni mkate unaungua.

Alikataa hospitali wiki tatu. Ni mtu mzima, ana akili zake, ungemwambia nini? Kila siku nilichemsha maji nikaosha kile kidonda. Mama mdogo alimwacha baba chumbani kwao, akahamia chumba cha mbele kwa sababu alikuwa hawezi tena kupumua. Wateja wakaanza kununua wakiwa wamesimama nje. Mguu ulikuwa wake, sikatai, lakini harufu ilikuwa yetu sote. Hapo ndipo naona kasoro ya falsafa yako. Mtu wa kwenye kitabu chako anaanza akiwa tayari mkubwa, mzima, miguu miwili, hana mke, hana binti wa kuchemsha maji. Mtu wa namna hiyo hata mimi ningemwacha afanye atakavyo. Sijamwona bado.

Hatimaye alikubali kwenda, kwa sharti kwamba anakwenda kusafishwa tu. Daktari, mwanamke mdogo kuliko mimi, alimweleza taratibu kwamba sumu inapanda na mguu lazima ukatwe chini ya goti. Baba akakataa. Daktari akarudi kesho yake, baba akakataa tena. Mara ya tatu baba akamwambia, binti yangu, nimekuja na miguu miwili na nitazikwa nayo miwili. Daktari akaandika kwenye faili kwamba mgonjwa amekataa, akafunga. Daktari alipotoka, baba akanishika mkono akasema, nikipoteza fahamu usiwape ruhusa. Nikamwitikia ndiyo, baba.

Alipoteza fahamu Jumapili baada ya chakula cha mchana. Daktari akanikuta kwenye ukumbi, kwenye lile benchi la chuma. Alisema yeye hawezi kumlazimisha mwenye akili zake, ila sasa baba hana fahamu, na utaratibu unawarudishia ndugu uamuzi. Mguu ukikatwa leo huenda akapona. Ukingojwa mpaka kesho, hakutakuwa na cha kukata. Nikakupigia mara mbili. Simu ikaita ikakatika. Sikulaumu, ilikuwa Jumapili.

Akaniletea fomu. Imeandikwa: Mimi, mgonjwa/ndugu wa mgonjwa, nakubali kwa hiari yangu. Chini yake kwa herufi ndogo: futa isiyohusika. Nikaomba kalamu kwa nesi. Nikafuta neno mgonjwa, mstari mmoja, nikasaini.

Ukiniuliza niliona nini moyoni, nitakwambia sikuona kitu, na mpaka leo sioni. Nimekuwa kama mkono uliolaliwa. Nilirudi nikakanda unga wa Jumatatu kama kawaida, na mikate ikatoka vizuri. Watu wananitazama wakingoja nilie. Wengine wanakuja kutoa pole, na wakiondoka, hata hawajafika ngazini, wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nawakaribisha chai.

Kitu kimoja tu kinanipitia akilini, na hiki ni kwa faida yako na mabishano yako. Nilipokuwa nasaini nilijua kabisa kwamba mimi sasa ndiye bwana afya. Kila aliyewahi kumwamrisha baba alisema ni kwa faida yake mwenyewe. Chama kilisema hivyo. Wajomba nao walisema hivyo juu yangu. Mimi sikuwa na neno jipya, nilikuwa na kalamu tu. Kwa hiyo usidhani nimekushinda hoja. Sijui kama nilifanya haki, ninachojua ni kwamba ningesaini tena.

Alizinduka Jumatatu jioni. Alipapasa shuka, akajua. Aligeukia ukutani, na tangu saa ile akawa hali chochote. Jumanne hakula, Jumatano hakula. Nesi akimletea chakula anafumba mdomo, mimi nikileta anafumba na macho. Daktari akaniambia, kwa mwenye sukari na kidonda kibichi kama kile, siku mbili nyingine hivyo na tutakuwa tumekata bure.

Alhamisi mchana nikawa nimekaa pale nalowesha mkate kwenye maziwa, kwa sababu mikono lazima ifanye kitu. Akaniuliza bila kugeuka, nani alisaini? Nikamjibu, ni Profesa. Nikasema nilikupigia ukaniambia nisaini kwa niaba yako, kwamba wewe ndiye mwanaume wa nyumba na umeamua. Maneno yalitoka yenyewe, yamenyooka, kana kwamba nilikuwa nimeyakariri. Nilipaswa kuona aibu. Nilikuwa naangalia mkate usije ukamong'onyoka.

Kisha akasema, nilijua wewe usingeweza, wewe uliniahidi. Akageuka, akafungua mdomo, nikamlisha. Alimaliza bakuli lote. Na amekula kila siku tangu hapo, kwa mkono wangu tu, nesi anamkatalia. Kidonda kinaanza kufunga. Jana tumemrudisha nyumbani.

Amenipa pia ujumbe nikufikishie, nao ndio huu: usimpigie simu, na ukija hatatoka chumbani kukusalimia. Hasemi kwa hasira. Anasema kama mtu anayetaja bei.

Basi nakuomba, Profesa. Usimpigie kujitetea. Usimwandikie. Wewe uko mbali, hasira yake haitakukuta ukimgeuza kitandani wala ukimfunga bandeji. Akijua ni mimi, atafumba mdomo tena, na safari hii sina mtu mwingine wa kumtaja. Najua wewe ndiye uliyekuwa mwanafunzi wake, wewe ndiye aliyekuwa akikungojea likizo, na huenda akafa hajasema nawe tena. Najua pia kwamba kwa falsafa yako hakuna aliyenipa haki ya kukutoa wewe ili yeye abaki. Sikukuomba ruhusa, na ungekataa ningefanya vile vile.

Mama mdogo anakusalimu, analala tena chumbani kwao. Mchomaji wetu anakusalimu. Wajomba wanauliza utakuja lini, nimewaambia una mitihani ya kusahihisha. Nisalimie sana mkeo, na wale watoto uwabusu, uwaambie babu yao anaendelea kupona.

Mungu akulinde, na akulinde pia na watu wa kukulinda kwa nguvu kama mimi.

Ni mimi dada yako,
nikupendaye bila kukuuliza.